Kunyamazisha Saketi za Swichi: Mwongozo Kamili wa Kuzima Kelele za Umeme

Jioni moja matatu ya abiria 33 iliegeshwa karibu na karakana yetu, mwendo mfupi kutoka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme jijini Nairobi. Dereva aliwasha redio, stesheni ya FM ikaingia safi. Kisha akabonyeza swichi ya chaja za simu zilizofungwa chini ya viti, na sauti ya mtangazaji ikazama ndani ya mngurumo kama mvua inayopiga mabati. "Fundi, nimebadilisha redio mara mbili na antena mara moja," akaniambia. "Kelele ni ile ile."

Redio zote mbili zilikuwa nzima. Pesa za siku kadhaa za kazi zilikwenda kwa vifaa visivyo na kosa, kwa sababu kila aliyeitwa alitazama mahali kelele inaposikika, wala si mahali inapozaliwa. Hilo liliniuma, na ndiyo sababu ya mwongozo huu. Nitalifuata gari hilo hatua kwa hatua, maana lilitupitisha karibu kila kitu anachohitaji kujua mtu anayeshughulika na chaja, taa za LED, kidhibiti cha sola au inveta.

Shika neno moja kabla hatujaanza: kelele ni mkondo, na mkondo lazima urudi ulikotoka. Ukiijua njia yake ya kurudi, umeshajua pa kuukatia.

Swichi inavyogeuka kuwa stesheni

Matatu kubwa za Nairobi nyingi hutumia volti 24, na simu inataka volti 5. Zamani tungetumia regyuleta ya kawaida, ambayo huchoma ziada yote kama joto: kwa ampia 3, tofauti ya volti 19 ni wati 57 zinazopotea bure. Moduli ya swichi haifanyi hivyo. Inafungua na kufunga umeme wa betri kwa kasi, kisha koili na kapasita zinasawazisha vipande hivyo kuwa volti 5 tulivu. Moduli ya LM2596, ile ya buluu unayoipata karibu kila duka la Luthuli, hufungua na kufunga mara 150,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 150.

Sasa, kilohezi 150 ziko mbali sana na megahezi 100 za FM. Zinafikaje huko?

Zinafika kwa sababu swichi haipandi taratibu. Volti inaruka kutoka 0 hadi 24 kwa nanosekunde 30 hivi, na mruko wa ghafla namna hiyo umeundwa na mawimbi mengi kwa pamoja: lile la kilohezi 150, kisha 300, 450, 600, na kuendelea juu. Hizi ndizo hamoniki. Zinapungua kadiri zinavyopanda, lakini hazipungui kwa kasi hadi uvuke kona moja muhimu, ambayo ni 1 kugawanywa kwa π mara muda wa kuruka. Kwa nanosekunde 30 kona hiyo iko kwenye megahezi 10.6. Kuanzia hapo kila masafa yakiongezeka mara 10, nguvu ya volti hushuka mara 100.

Nilikaa nikapiga hesabu ya gari lile. Hamoniki ya 667 ya moduli hiyo iko megahezi 100. Ukubwa wake pale kwenye mguu wa swichi unaweza kufika milivolti 2.4. Ni kidogo, lakini redio nzuri ya FM husikia stesheni kwa mikrovolti chache tu. Kwa hiyo ndani ya gari palikuwa na chanzo chenye nguvu mara mamia ya ile ambayo redio imeundwa kuisikia, na umbali kati yao ulikuwa mita chache.

James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu mwaka 1865 kwamba umeme na sumaku zinazobadilika huzaana na kusafiri kama wimbi. Heinrich Hertz alipoyatoa mawimbi hayo kwa mara ya kwanza Ujerumani, kuanzia 1887, mtambo wake ulikuwa cheche inayoruka kati ya vipande viwili vya chuma. Kitu kinachofungua na kufunga umeme kwa ghafla, chenye nyaya zilizonyooka pande mbili. Ukiifunga moduli ya swichi kisha ukaining'inizia nyaya ndefu, umejenga mtambo wa Hertz upya.

Hesabu ya urefu wa wimbi ni rahisi na utaitumia kila siku: gawanya 300 kwa megahezi, unapata mita. Megahezi 100 ni mita 3. Waya hugeuka antena nzuri unapofika robo ya wimbi, hapa sentimita 75. Kwenye matatu ile, kipande cha waya kutoka kwenye moduli hadi soketi ya kwanza kilikuwa, kwa tepu, sentimita 78. Hakuna aliyekusudia, lakini huwezi kuchagua urefu mbaya zaidi kwa FM.

Upande wa chini mambo ni tofauti. Wimbi la kilohezi 150 lina urefu wa kilomita 2, kwa hiyo waya wa mita 7 ndani ya gari hauwezi kulirusha mbali. Lakini uga wa sumaku unaozunguka koili na nyaya upo, na redio ya AM iliyo karibu itaunasa. Mpaka kati ya karibu na mbali ni urefu wa wimbi kugawanywa kwa 6.28: kwa megahezi 1 ni kama mita 48, kwa megahezi 100 ni kama nusu mita. Kwa AM, basi, gari zima liko karibu.

Hatua ya 1: Mpate mkosaji kabla ya kufungua chochote

Zima injini. Washa redio ya gari, iweke kwenye stesheni dhaifu, si ile inayoingia kwa nguvu. Ukiwa mjini mawimbi ya stesheni huwa na nguvu na hufunika kelele. Gari likifika sehemu ambazo yanafika yamechoka, kelele ile ile inajitokeza. Ndiyo maana dereva huapa kwamba shida inaanza njiani, na fundi huapa kwamba hakuna shida. Wote wawili wanasema kweli.

Sasa washa vifaa kimoja kimoja. Chaja, taa za LED za dari, skrini, amplifaya. Kisha washa injini. Kelele inayopanda na kushuka kama filimbi unapokanyaga mafuta inatoka kwa alteneta, na hiyo ni habari nyingine. Ile isiyojali mwendo wa injini ni ya swichi.

Kipimo kinachofuata huchukua sekunde 10 na ndicho ninachokithamini kuliko vyote: chomoa waya wa antena nyuma ya redio. Kelele ikinyamaza, ilikuwa inaingia hewani kupitia antena. Ikibaki, inaingia kwa nyaya za umeme au za sauti. Dawa za hali hizi mbili hazifanani hata kidogo, na fundi asiyefanya kipimo hiki ananunua vifaa kwa kubahatisha. Kwenye matatu ile ilinyamaza yote.

Halafu chukua redio ndogo ya betri yenye AM. Ndani yake kuna fimbo ya feraiti, jiwe jeusi linalokusanya uga wa sumaku, iliyozungushiwa waya mwembamba, nayo husikia uga wa sumaku. Sogea nayo kandokando ya nyaya huku ukiigeuza. Kuna upande ambao kelele inazama karibu kuisha. Hapo fimbo inaelekeza kwenye chanzo au iko sambamba na waya wenye kelele. Zungusha mshale wa stesheni taratibu na uandike kila mahali unaposikia mlio. LM2596 halisi hulia kwenye 600, 750, 900, 1050, kila baada ya kilohezi 150. Ukikuta mlio kila baada ya 50 hivi, chipu uliyonayo si ile iliyoandikwa mgongoni, na bandia za namna hiyo ni nyingi. Koili iliyochaguliwa kwa kilohezi 150 itateseka kwa kasi ya chini, itajaa sumaku hadi ishindwe kuzuia mkondo, na kupata moto. Itupe moduli hiyo, usiisumbukie.

Hatua ya 2: Tengeneza pua ya kunusia

Unahitaji kitu cha kukuonyesha sentimita ipi ya bodi inapiga kelele. Kata waya wa antena ya televisheni urefu wa nusu mita. Mwisho mmoja, menya waya wa kati, ukunje kitanzi cha upana wa sentimita 1 hadi 2, kisha lehemu ncha yake kwenye wavu wa nje. Funika kwa tepu ya umeme ili usije ukagusisha kwenye saketi. Mwisho wa pili unaingia kwenye osiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini, au kwenye kile kipokezi kidogo cha USB cha kompyuta ambacho huonyesha mawimbi kama milima kwenye skrini. Kipokezi hicho huanzia megahezi 24 hivi, kwa hiyo kinaitazama FM vizuri ingawa AM hakiioni.

Pitisha kitanzi juu ya bodi ukiwa umekilaza, kisha ukiwa umekisimamisha. Utaona milima inapanda sana penye chipu, dayodi na kapasita ya kuingilia, na inashuka ukifika upande wa kutokea. Piga picha ya skrini kabla ya kurekebisha chochote. Bila picha ya kabla, picha ya baada haina maana.

Kwa osiloskopu kuna mtego. Ule waya mrefu wa graundi, yaani upande hasi, wenye kibano cha mamba, unaotoka kwenye kalamu ya kupimia, nao ni kitanzi, na utakuonyesha mitetemo ambayo haipo kwenye saketi. Uondoe. Zungushia waya mfupi kwenye shingo ya kalamu na uguse graundi ya kapasita iliyo karibu kabisa na unapopima.

Hatua ya 3: Bana kitanzi kikali

Hapa ndipo penye ushindi mkubwa, na hapagharimu karibu chochote.

Katika moduli ya kushusha volti, mkondo unaotoka unapita kwenye koili, na koili haipendi mabadiliko, kwa hiyo upande huo ni mtulivu. Upande wa kuingilia ndio wenye vita. Kuna kitanzi kimoja kinachoanzia kapasita ya kuingilia, kinapita kwenye swichi, kwenye dayodi, na kurudi kwenye kapasita kupitia graundi. Ndani ya kitanzi hicho mkondo unaruka kutoka 0 hadi ampia 2 au 3 na kurudi, mara 150,000 kwa sekunde.

Waya au njia ya shaba ya milimita 1 ina induktansi, yaani ule ukaidi wa koili dhidi ya mabadiliko ya mkondo, ya karibu nanohenri 1. Sentimita 2 ni nanohenri 20. Ampia 2 zikiruka humo kwa nanosekunde 20, zinazaa volti 2 kutoka hewani, juu ya kipande cha shaba ambacho mita yako inasema kina omu sifuri. Volti hizo 2 ndizo zinazoisukuma kelele nje kwenye nyaya.

Tazama basi moduli nyingi za bei nafuu: kapasita ya kuingilia ni ile ndefu ya elektroliti, na imekaa sentimita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye miguu ya chipu. Kwenye masafa ya juu elektroliti ni kama rezista iliyofuatana na koili. Haiwezi kutoa mkondo wa haraka. Nilichofanya ni kulehemu kapasita mbili za seramiki chini ya bodi, ya mikrofaradi 10 na ya nanofaradi 100, moja kwa moja kati ya mguu wa kuingilia na graundi ya dayodi, miguu ikiwa mifupi kadiri ya mkono wangu ulivyoweza. Chagua za volti 50. Seramiki hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikiwekewa volti karibu na kikomo chake, kwa hiyo ya volti 25 kwenye gari la volti 24 ni ya jina tu, na pia inaweza kupasuka.

Kitanzi kilipofupishwa hivyo, milima kwenye skrini ilishuka kwa kiasi cha kuonekana kwa macho kabla hatujaongeza filta yoyote. Nguvu ya uga unaorushwa na kitanzi kidogo hufuata eneo lake. Ukipunguza eneo kuwa robo, uga unakuwa robo. Hufuata pia mraba wa masafa, ndiyo sababu kitanzi kidogo kinachoonekana hakina madhara kwenye AM kinaweza kuichafua FM.

Hatua ya 4: Tuliza mtetemo kwa snaba

Gusa kalamu ya osiloskopu kwenye mguu ambapo chipu, dayodi na koili hukutana. Baada ya kila mruko utaona mawimbi madogo yanayofifia, kama kengele iliyogongwa. Huo ni mtetemo kati ya induktansi ya kitanzi na kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji kama kapasita, iliyojificha ndani ya dayodi. Masafa yake kwa kawaida ni makumi ya megahezi hadi mia na kitu, na yakiangukia karibu na FM, basi.

Dawa ni snaba, yaani rezista na kapasita zilizofuatana, kutoka mguu huo hadi graundi. Usinakili thamani za mtu mwingine, zipime mwenyewe. Mtetemo wetu ulikuwa megahezi 80. Nililehemu kapasita ndogo ndogo kati ya mguu na graundi nikiongeza hadi masafa yaliposhuka kuwa nusu, megahezi 40. Ilikuwa pikofaradi 330. Masafa yakiwa nusu, jumla ya kapasitansi imekuwa mara 4, kwa hiyo ile iliyojificha ni theluthi ya uliyoongeza: pikofaradi 110. Kutoka hapo induktansi ni 1 kugawanywa kwa mraba wa (6.28 mara masafa ya mwanzo) mara kapasitansi, nikapata nanohenri 36. Rezista ni kipeuo cha pili cha 36 nano kugawanywa kwa 110 piko, yaani omu 18. Kapasita ya snaba iwe mara 3 au 4 ya iliyojificha, kwa hiyo ile ile ya pikofaradi 330 ilifaa, safari hii ikifuatana na rezista.

Kagua joto: kapasita mara mraba wa volti mara masafa ya swichi. Gari likichaji ni volti 28, nikapata kama miliwati 39. Rezista ya robo wati inatosha sana. Isiwe ya waya uliozungushwa, kwa sababu hiyo ni koili iliyovaa nguo ya rezista.

Hatua ya 5: Filta ya kuingilia

Kelele ya kilohezi 150 na hamoniki zake za chini hurudi kwenye betri kupitia waya wa umeme, na nyaya zote za gari zinaishiriki. Weka koili ya mikrohenri 10 kwenye waya chanya kabla ya moduli, na kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 10 upande wa moduli. Kona ya filta hiyo ni kilohezi 16 hivi, na kwenye kilohezi 150 inapunguza kelele karibu mara 90. Moduli inayotoa wati 15 huvuta chini ya ampia 1 kwenye volti 24, lakini chukua koili ya ampia 3. Koili iliyojaa haichuji kitu.

Watu wengi huishia hapo, kisha wanashangaa moduli inapoanza kuyumba. Sababu ni hii: moduli ya swichi hutaka wati zile zile kila wakati, kwa hiyo volti ikishuka inavuta mkondo zaidi. Kwa filta hiyo ni kama rezista ya kinyume, kwa mfano wetu omu 38 za kinyume, na filta isiyo na breki inaweza kutetemeka. Breki ni kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 47 hadi 100, sambamba na ile ya seramiki. Udhaifu wake, ile omu moja hivi ya ndani, hapa ndio tunaoutaka.

Na usisahau fyuzi, iwe karibu na betri. Gari la volti 24 pia hutoa miruko inayoweza kuvuka volti 100 betri ikichomoka injini ikiwa inazunguka, wakati LM2596 inavumilia volti 40 tu. Dayodi ya kuzuia miruko, iliyowekwa mbele ya filta, inaokoa moduli na simu za abiria.

Hatua ya 6: Feraiti kwenye nyaya ndefu

Mpaka hapa tumeshughulikia mkondo unaokwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Kuna mkondo wa pili, mjanja zaidi. Huo unakwenda upande mmoja kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, chanya na hasi, halafu unarudi hewani na kupitia chasisi. Ni mdogo sana, lakini ndio unaorusha mawimbi vizuri kuliko yote, kwa sababu kitanzi chake ni gari zima. Mikroampia 5 tu za mkondo wa pamoja, kwenye waya wa mita 1, kwa megahezi 50, zinazaa uga wa mikrovolti 100 hivi kwa mita, ukipimwa umbali wa mita 3. Kiasi hicho kinagusa mpaka ambao vyombo vya nyumbani haviruhusiwi kuuvuka chini ya viwango vya CISPR, kamati ya kimataifa inayoshughulikia bughudha kwenye redio. Magari yana kiwango chake, CISPR 25, kwa ajili ya redio zilizomo ndani ya gari lenyewe.

Kapasita haiugusi mkondo huu ikiwa kati ya chanya na hasi, maana volti za nyaya hizo mbili zinapanda na kushuka pamoja. Unaukaba kwa feraiti. Pitisha nyaya zote mbili kwa pamoja ndani ya pete moja. Ukipitisha mmoja tu, mkondo wa chaji wenyewe utaijaza sumaku na pete itakuwa pambo. Ukipitisha mara 3, ukinzani unakuwa karibu mara 9. Ukizidisha mizunguko, nyaya zinaanza kupitishiana kelele kando ya pete. Kwa FM mara 2 au 3 inatosha.

Huhitaji kununua mpya. Nyaya za monita na printa za zamani zina mabonge ya feraiti, na wauza vifaa vilivyokufa wa hapa mjini hukuuzia kwa bei ya chai. Ila si kila pete inafaa. Ile ya njano yenye upande mweupe kutoka kwenye pawasaplai za kompyuta ni unga wa chuma, haifai kazi hii. Kati ya feraiti zenyewe, kwangua rangi kidogo na ubonyeze ncha za mita juu ya jiwe lenyewe. Ikionyesha omu maelfu au malaki machache, ni ya manganizi na zinki, nzuri kwa masafa ya chini. Mita isipoonyesha chochote, ni ya nikeli na zinki, na kwa FM hiyo ndiyo unayoitaka.

Iweke wapi? Sentimita chache tu kutoka mahali waya unapotoka kwenye moduli. Ukiiweka mwisho wa waya, antena yote iko tayari kabla ya kizuizi. Kwenye matatu tuliweka moja upande wa kuingilia na moja upande wa soketi, na kile kipande cha sentimita 78 tukakikata hadi 30 kwa kuisogeza moduli.

Hatua ya 7: Sanduku, chasisi na njia ya waya

Sanduku la bati husaidia, mradi lifungwe pande zote na liguse chasisi kwa chuma kwa chuma. Kwangua rangi pale kwenye skrubu hadi ung'aro uonekane. Kipande kifupi na kipana cha shaba kinashinda waya mrefu mwembamba, kwa sababu ile ile ya nanohenri kwa milimita.

Wengine hufunga moduli kwa karatasi ya alumini ya jikoni. Kwa megahezi 100 mkondo hupenya alumini mikromita 8 tu, kwa hiyo karatasi hiyo inazuia. Kwa kilohezi 150 ungehitaji unene wa zaidi ya milimita 0.2 hata kuanza kuuzuia uga wa sumaku, na karatasi haifiki popote karibu na hapo. Juu ya yote, waya mmoja usiochujwa ukitoboa sanduku hubeba kelele nje kana kwamba sanduku halipo.

Nyaya za chanya na hasi zisokote pamoja mwanzo hadi mwisho. Aliyezifunga kwenye gari lile alipeleka chanya upande wa kushoto wa viti na kutumia chasisi kama hasi, na gari zima likawa kitanzi. Zipitishe mbali na waya wa antena. Zikilazimika kukutana, zivukane kama njia panda, zisifuatane.

Kama kifaa chako kinatumia umeme wa ukutani

Kanuni ni zile zile, lakini hapa kosa linaua. Chomoa, subiri, na upime kapasita kubwa kabla ya kugusa. Kapasita ya kati ya laivu na nyutro lazima iwe na alama ya X2, na ile inayounganisha upande wa ukutani na upande wa mtumiaji lazima iwe na alama ya Y1 au Y2. Hizo zimetengenezwa ili zikifa zisimwachie mtu volti 240. Ya nanofaradi 4.7 kwenye volti 240 na hezi 50 hupitisha miliampia 0.35, ndiyo maana ganda la chuma la kifaa kisicho na athi, yaani waya wa ardhini, hukutekenya vidole. Usiiondoe ili kuondoa mtekenyo, kelele itarudi. Usiweke ya kawaida mahali pake hata siku moja, hata kama thamani inafanana. Na kama nyumba haina athi, mwite fundi umeme kwanza.

Hatua ya 8: Pima tena, na upime barabarani

Rudi na ile pua ya waya, mahali pale pale, mipangilio ile ile, ulinganishe na picha ya kwanza. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usiondoe dawa ya kwanza eti kwa sababu haikuonyesha tofauti. Kelele ikiwa na njia mbili zenye nguvu sawa, kuziba moja hupunguza kidogo tu. Ukiziba ya pili ndipo zote zinaonekana zimefanya kazi.

Pima ukiwa umechomeka simu. Moduli isiyo na mzigo huwa na tabia nyingine kabisa, na nimeshawahi kumrudishia mteja kifaa kilichokuwa kimya mezani kikaanza kulia abiria wa kwanza alipochaji.

Matatu ile tuliipima na simu nne, injini ikizunguka, redio ikiwa kwenye stesheni dhaifu kuliko zote tulizozipata. Dereva aliibonyeza swichi ya chaja mara tano au sita, akiinamisha sikio kwenye spika, akitafuta tofauti. Baada ya wiki mbili alirudi: kelele kidogo ilikuwa imeanza tena. Feraiti ya upande wa soketi ilikuwa imeteleza kwa mitikisiko ya barabara hadi katikati ya waya. Tuliirudisha mahali pake, tukaibana kwa tai za plastiki pande zote mbili, na skrubu ya sanduku tukaiwekea washa yenye meno inayouma chuma.